Kinywa cha Mwingine: Habari za Mkalimani katika Mashauri ya Jinai

Mwishoni mwa mwaka 1952 darasa la shule huko Kapenguria, katika nchi ya Wapokot kaskazini ya Kitale, liligeuzwa kuwa korti. Watu sita waliletwa humo chini ya ulinzi: Jomo Kenyatta, Fred Kubai, Richard Achieng Oneko, Bildad Kaggia, Paul Ngei na Kung'u Karumba. Shitaka lilikuwa kwamba waliongoza chama kilichopigwa marufuku, yaani Mau Mau. Mbele yao aliketi hakimu Ransley Thacker, ambaye zamani alikuwa jaji. Upande wa Serikali alisimama Anthony Somerhough, na upande wa washitakiwa D. N. Pritt wa London pamoja na mawakili wenzake kutoka India, Nigeria, Jamaika na Kenya. Mengi yameandikwa juu ya watu hao wote. Mtu mmoja aliyesimama katikati yao, ambaye pasipo yeye shauri lisingeweza kuendelea hata kwa saa moja, hutajwa kwa mstari mmoja au miwili, kisha huachwa njiani. Mtu huyo ni mkalimani.

Ni juu yake nataka kusema katika kurasa hizi, kwa kuwa nadhani tumemdharau pasipo haki. Katika korti iliyoandika kwa Kiingereza, neno la shahidi lilipotoka kinywani mwake kwa Kikuyu, Kikamba au Kisukuma lilikufa hewani papo hapo. Lililofika kwenye kalamu ya hakimu lilikuwa neno la mkalimani. Shahidi alikula kiapo, akaulizwa maswali, akapingwa, akageuzwa huku na huku na wakili mpaka ukweli wake au uwongo wake ukaonekana. Mkalimani naye alikula kiapo. Lakini ni nani aliyemhoji? Kosa lake, kama lilikuwapo, liliingia katika maandishi likiwa limevaa jina la shahidi. Shauri lilipokwenda kwenye rufani, majaji wa juu waliyasoma maandishi hayo, na hawakuwa na njia nyingine ya kujua kilichosemwa.

Jina mkalimani limejengwa juu ya neno la Kiarabu kalima, lenye maana ya neno. Basi kwa asili ya jina lake ni mtu wa maneno, na ajabu yake ni kuwa hana ruhusa ya kuwa na neno lake mwenyewe. Yatazame mambo haya kwa jicho la sarufi. Kanuni ya kazi inamtaka asiseme "Anasema kwamba alimpiga," bali aseme "Mimi nilimpiga." Mtu ambaye hajapata kuinua mkono juu ya mwenzake husimama mbele ya watu na kutamka kwa nafsi ya kwanza kwamba yeye ndiye aliyeshika panga. Anapoiacha kanuni hiyo na kuanza kusema "Anasema, anasema," msikilizaji makini hutambua kwamba mkalimani amekwisha jitenga na maneno anayoyachukua, na mara nyingi kujitenga huko ndiko mwanzo wa kuyafupisha. Mimi mwenyewe nimepata kuketi katika chumba cha hukumu nikamsikia mama mmoja akieleza kwa kitambo kirefu jinsi ng'ombe walivyopotea, nani aliyewaona, na kwa nini hakuthubutu kusema siku ile. Hakimu aliambiwa: "Anasema hajui." Mkalimani hakuwa mtu mwovu. Alikuwa amechoka, na siku ile alikuwa na mashauri mengine mengi ya kutafsiri.

Zamani za Wadachi katika Tanganyika, Kiswahili kilikwisha fanywa lugha ya kazi za serikali, na Waingereza walipoitwaa nchi hawakukiondoa katika mabaraza ya chini. Katika mahakama za juu, hata hivyo, Kiingereza kilitawala. Hivyo palizuka mlolongo ambao kila karani wa korti wa zama zile aliujua vema. Mshitakiwa asiyejua Kiswahili alihitaji mtu wa kulichukua neno lake mpaka Kiswahili, kisha mtu wa pili wa kulitoa katika Kiswahili na kulifikisha kwenye Kiingereza. Swali la jaji likarudi kwa njia ile ile, likishuka ngazi mbili. Yafaa pia kukumbuka kwamba maelezo ya kwanza huchukuliwa na polisi, mbali na korti, na hapo mkalimani hakuwa na hakimu wa kumtazama.

Sheria yenyewe haikuwa kipofu juu ya hatari hii. Mwaka 1915 mahakama ya rufani ya jinai ya Uingereza, chini ya Lord Reading, ililitazama shauri la Mchina mmoja, Lee Kun, aliyehukumiwa London kwa kuua, na ambaye ushahidi haukutafsiriwa kwake wakati wa shauri. Majaji walisema kuwapo kwa mshitakiwa katika korti si kuwapo kwa mwili wake tu. Lazima aweze kufahamu yanayosemwa juu yake ili apate kuyajibu. Lee Kun mwenyewe hakunusurika, kwa sababu walitosheka kwamba ushahidi ule ule alikwisha usikia umetafsiriwa katika hatua ya kwanza ya shauri. Msingi uliobaki ulienea katika nchi zilizofuata sheria ya Kiingereza, na hata leo sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai ya Kenya inaamuru kwamba ushahidi utolewao kwa lugha asiyoifahamu mshitakiwa utafsiriwe kwake mbele ya watu, kwa lugha anayoifahamu.

Lakini agizo la kutafsiri ni jambo moja, na jinsi ya kutafsiri ni jambo jingine. Hatari ilikuwa kubwa zaidi mwanzoni kabisa, pale mshitakiwa alipoulizwa kama anakubali shitaka au analikana. Mtu aliposomewa kwamba ameua, naye akajibu, "Ni kweli," je, amekubali nini? Huenda amekubali kwamba marehemu alikufa kwa pigo lake, na huku moyoni ana maneno mengine: kwamba alijiwa usiku, kwamba alipigwa kwanza, kwamba hakukusudia. Sheria ya Kiingereza ina majina mawili mbalimbali, moja la kuua kwa kukusudia na moja la kuua pasipo kukusudia, na kati ya majina hayo ndipo ulipo uhai wa mtu. Kitenzi chetu kuua hakiutaji upande wowote mpaka mtu akiongezee maneno. Hali kadhalika "Nimekosa." Msomaji wa Kiswahili anajua kwamba mtu husema hivyo kwa kuomba radhi, kwa unyenyekevu mbele ya mkubwa, na hata kwa kutaka ugomvi uishe. Mkalimani akiligeuza neno hilo liwe kukiri hatia kwa sheria, amekwisha hukumu kabla ya hakimu.

Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliona jambo hili. Katika shauri la Yonasani Egalu na wenzake, mwaka 1942, majaji walishauri kwamba pale ambapo mtu anaelekea kutiwa hatiani kwa kukubali kwake mwenyewe, kila sehemu ya shitaka ielezwe kwake, naye aikubali au aikane kila sehemu, na asemalo liandikwe kwa namna itakayoiridhisha mahakama ya juu kwamba alifahamu. Miaka thelathini na mmoja baadaye, katika shauri la Adan la mwaka 1973, walilisema tena kwa utaratibu uliopangwa hatua kwa hatua: shitaka lielezwe kwa lugha ya mshitakiwa au lugha anayoifahamu, jibu lake liandikwe kwa kadiri iwezekanavyo kwa maneno yake yeye, habari za tukio zisomwe, naye apewe nafasi ya kuzipinga. Kanuni hurudiwa kwa sababu huvunjwa. Lau makarani na mahakimu wangeishika ile ya mwaka 1942, haingekuwa lazima kuiandika upya.

Ni watu gani waliofanya kazi hii? Wengi wao hawakuacha maandishi, na majina yao yamelala katika orodha za mishahara. Kusini mwa bara letu, hata hivyo, alikuwako mmoja aliyejua kuandika kuliko wengi wa mahakimu aliowatumikia. Sol Plaatje, aliyezaliwa mwaka 1876, aliingia kazi ya ukalimani katika korti ya Mafeking mwaka 1898, na alikuwa humo wakati mji ulipozingirwa na Makaburu. Baadaye alikuwa mwandishi wa habari, na mwaka 1912 alichaguliwa kuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Aliandika insha nzima juu ya mkalimani wa korti, iliyochapishwa miaka mingi baada ya kufa kwake, akimwonyesha kuwa mtu ambaye haki haiwezi kutendeka bila yeye. Katika uzee wake alizifasiri baadhi ya tamthilia za Shakespeare kwa Kisetswana, na ile iliyotoka mwaka 1930 ni mchezo wa mapacha wanaodhaniwa kuwa watu wengine kila wanapofungua vinywa. Sijui kama yupo mtu aliyekuwa tayari zaidi kwa kazi hiyo kuliko mkalimani wa zamani wa korti.

Turudi Kapenguria. Serikali ilimchagua Louis Leakey awe mkalimani. Kwa ujuzi wa lugha, hapakuwa na Mzungu aliyempita. Alizaliwa Kabete mwaka 1903, mtoto wa wamisheni, akakua pamoja na watoto wa Kikuyu na kuingizwa katika rika lao. Walakini yafaa tutazame pia mambo mengine. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliifanyia Serikali kazi ya upelelezi. Mwaka ule ule wa 1952 alitoa kitabu juu ya Mau Mau na Wakikuyu, ambacho ndani yake alikwisha sema anayoyaamini juu ya jambo ambalo korti ilikuwa bado haijaliamua. Tena yeye na Kenyatta walikuwa washindani wa siku nyingi katika elimu moja. Kenyatta alitoa kitabu chake juu ya desturi za Wakikuyu mwaka 1938, alipokuwa Uingereza. Leakey katika miaka hiyo hiyo aliandika kazi kubwa juu ya mambo hayo hayo, ambayo haikupigwa chapa mpaka mwaka 1977, baada ya kufa kwake. Kila mmoja alijiona kuwa ndiye mwenye kuijua mila. Sasa mmoja alikuwa kizimbani, na mwingine alipewa kazi ya kusema kwa niaba ya mashahidi waliomshitaki.

Pritt alipinga. Alidai kwamba tafsiri za Leakey hazikuwa za haki na kwamba alikuwa na chuki juu ya washitakiwa. Leakey alijitoa, baadaye alirudi kwa kuombwa, ili afasiri hati tu. Wako waliolichukulia tukio hili kuwa mbinu ya wakili hodari, na yamkini Pritt hakusikitika kuona shauri likitikisika. Hata hivyo, nadhani alilenga penyewe. Swali halikuwa kama Leakey anajua Kikuyu. Lilikuwa kama mtu mwenye kujua kwa wingi namna ile, na mwenye maoni makubwa namna ile, aweza kukubali kuwa kinywa cha mwingine na asiongeze lake.

Na maneno yenyewe yalikuwa mazito. Jina Mau Mau si neno la Kikuyu lenye maana inayokubaliwa na wote, na wataalamu wangali wanashindana juu ya asili yake. Tena mnamo tarehe 24 Agosti 1952, katika mkutano mkubwa wa Kiambu, Kenyatta aliilaani Mau Mau mbele ya umati kwa usemi wa Kikuyu unaotaja mizizi ya mikongoe, maana yake kitu kipotee kabisa kisionekane tena. Kwa sikio la Mkikuyu hiyo ni laana. Kwa sikio la Mwingereza ni habari ya miti. Upande wa Serikali haukutosheka kwamba Kenyatta alikwisha kikana chama hicho kwa moyo, na sehemu ya ugomvi huo ilikuwa ni uzito wa maneno ambayo hayapimiki kwa mizani ya lugha nyingine.

Kenyatta mwenyewe alikuwa na silaha moja ambayo wengi hawakuwa nayo. Alikwisha kaa Ulaya zaidi ya miaka kumi na mitano; alitoa ushahidi wake kwa Kiingereza, na aliweza kusikia kama neno la Kikuyu limepinda lilipokuwa likivuka. Oneko alikuwa katika hali nyingine: yeye ni Mjaluo, na Kikuyu, lugha ya mikutano iliyoletwa kuwa ushahidi juu yake, hakikuwa lugha yake. Tarehe 8 Aprili 1953 wote sita walitiwa hatiani na kupewa miaka saba ya kazi ngumu. Katika rufani Oneko aliondolewa hatia, ijapokuwa hakuachiliwa, aliendelea kuzuiliwa.

Kapenguria palikuwa na wakili kutoka London, waandishi wa magazeti, na mshitakiwa mwenye Kiingereza. Ndiyo maana ubishi juu ya mkalimani uliweza kusikika. Mwaka ule ule wa 1953 mahakama maalumu za hali ya hatari zilianza kazi, na humo waliingia wakulima na vijana waliokamatwa kwa kulishana kiapo, kwa kukutwa na risasi, au kwa kuwa pamoja na wenye silaha. Kwa hesabu ya mwanahistoria David Anderson, watu 1,090 walinyongwa kwa makosa ya Mau Mau. Wengi wao walisikia hukumu ya kifo kutoka kinywani mwa mkalimani, kwani jaji aliitamka kwa lugha wasiyoijua.

Dedan Kimathi alihukumiwa Nyeri mwezi Novemba 1956, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na wazee wa baraza watatu Waafrika, kwa kukutwa na bastola na risasi. Alidai kwamba siku aliyokamatwa alikuwa njiani kujisalimisha. Hili ni dai la nia, na nia haionekani kwa macho. Hupimwa kwa jinsi mtu anavyojieleza, mahali anapositasita, neno analochagua na neno analoliacha. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Maandishi ya shauri lake, ambayo kwa miaka mingi wasomi hawakuyaona, yalichapishwa mwaka 2017 kwa juhudi ya Julie MacArthur. Anayeyasoma hukutana na Kimathi akisema kwa Kiingereza cha karani, kikavu na chenye adabu, na haiwezekani tena kurudi nyuma ya Kiingereza hicho ili kuisikia sauti yake.

Mji wa Arusha, miaka arobaini baadaye, ulishuhudia namna nyingine ya kulishika jambo hili. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikwisha unda mahakama ya jinai ya Rwanda mwezi Novemba 1994, na makao yake yakawekwa hapo. Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ndogo ya Taba, alifikishwa mbele ya majaji watatu: Laïty Kama wa Senegali, Lennart Aspegren wa Sweden na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Mashahidi wengi walisema kwa Kinyarwanda. Neno lao lilipelekwa kwanza kwenye Kifaransa, kisha kutoka Kifaransa likapelekwa kwenye Kiingereza. Ni mlolongo ule ule wa zama za ukoloni, umevaa nguo mpya.

Tofauti ni kwamba majaji hawa waliuandika mlolongo huo katika hukumu yao ya tarehe 2 Septemba 1998. Walikiri kwamba kupita lugha tatu kulileta hatari ya kutofahamiana, na wakasema kwamba pale maandishi ya Kiingereza na ya Kifaransa yalipotofautiana walitegemea Kifaransa, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu zaidi na shahidi. Walimwita Mathias Ruzindana, profesa wa elimu ya lugha wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, si kwa kutafsiri bali kwa kutoa ushahidi juu ya maneno. Aliwaeleza kwamba inyenzi ni mende, na jinsi neno hilo lilivyokuja kuwa jina la watu; kwamba icyitso, msaidizi wa adui, lilipanuka maana tangu mwaka 1990 mpaka likawafunika Watutsi wote. Aliwaambia pia kwamba Wanyarwanda wengi huishi katika desturi ya kusimuliana kwa mdomo, hivi kwamba mtu aweza kueleza alichosikia kama kwamba alikiona. Walakini akiulizwa wazi hutofautisha. Wakili anayelijua hili huuliza swali moja zaidi. Asiyelijua humwita shahidi mwongo.

Kisha ikaja habari ya wanawake wa Taba. Akayesu alishitakiwa, pamoja na mambo mengine, kwa ubakaji, na mashahidi walilieleza jambo hilo kwa vitenzi vinne: gusambanya, kurungora, kuryamana na gufata ku ngufu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kwa yote. Kuryama ni kulala, na kuryamana ni kulala pamoja. Ku ngufu ni kwa nguvu yetu. Kwa maana yake ya juu, neno la mwisho lasema tu kuchukua kitu kwa nguvu, na lile la kulala halitaji nguvu hata kidogo. Je, mkalimani aliyesimama kati ya mwanamke yule na jaji aandike nini? Akifasiri neno kwa neno, amelifanya jambo kuwa dogo. Akifasiri kwa neno la sheria, ameitoa hukumu kabla ya korti. Sisi pia tuna haya kama hiyo: katika hukumu nyingi za Kenya za miaka ya karibuni mtoto husema "alinifanyia tabia mbaya," na hakimu huyaacha maneno hayo katika Kiswahili, katikati ya Kiingereza chake.

Majaji wa Arusha waliamua kwamba vitenzi hivyo vyote vitafahamiwa kwa kuangalia mahali vilipotumika na maswali yaliyoulizwa, na kwamba pale ambapo neno lenyewe ndilo linalobeba uamuzi, litaandikwa katika hukumu kwa Kinyarwanda kama lilivyosemwa. Akayesu alitiwa hatiani kwa mauaji ya halaiki, akiwa mtu wa kwanza kuhukumiwa hivyo na mahakama ya kimataifa baada ya kusikilizwa kwa shauri, na ubakaji ulihesabiwa kuwa sehemu ya mauaji hayo. Tarehe 2 Oktoba mwaka ule alipewa kifungo cha maisha.

Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zake kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 2021, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mshitakiwa mkalimani pasipo malipo. Mbarabaig na Mhadzabe asiyejua Kiswahili angali anahitaji mtu wa kumsemea, na neno lake lingali likiandikwa kwa lugha isiyo yake. Katika hukumu ya Akayesu maneno manne ya wanawake wa Taba yamesimama pale yalipo, na mtu yeyote ajuaye Kinyarwanda aweza kufungua ukurasa akaipima kazi ya mkalimani.